Rivyu ya seti ya vifaa vya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) niliyonunua Kariakoo (dada zangu mnaowaza jeshi pitieni hapa kwanza)

Naanza na raba mana ndo iliyonitoa machozi. Wiki ya pili ya mafunzo, alfajiri, giza bado, kombania nzima, yani kundi letu la mafunzo, ipo kwenye mchakamchaka na chenja imekolea, mi niko katikati ya mstari naitikia kwa nguvu zangu zote, mara nasikia mguu wa kulia unapiga makofi. Pa. Pa. Pa. Nikajua wa nyuma yangu ananikanyaga kisigino, kumbe soli imeachia kuanzia kwenye vidole mpaka katikati, inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Ukichomoka kwenye mstari utaulizwa maswali, usipochomoka unakimbia na ulimi wako. Nikakimbia na ulimi. Kila hatua inachota mchanga inauweka chini ya unyayo, na muda huo huo naimba, mana ukinyamaza nako utaulizwa.

Raba yenyewe ilikua ndani ya seti ya 85,000 niliyonunua Kariakoo kwenye duka linalouza vifaa vya JKT msimu ukifika, jina silitaji wala mtaa siutaji, sina ugomvi na mtu, ugomvi wangu ni na gundi. Muuzaji alisema raba peke yake thamani yake 18,000 na kwamba nitamaliza nayo mafunzo nirudi nimpe mdogo wangu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi, mana kijani ilikua kijani kweli.

Kwa wasionijua, mi ni fom siksi wa mwaka jana, niliitwa mujibu wa sheria, ile JKT ya lazima ya waliomaliza fom siksi, nikaenda, miezi mitatu nikamaliza, saivi nipo nyumbani nawaza kwenda kujitolea ile miaka miwili ili baadae nijaribu JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi. Tangu nirudi wadogo zangu na marafiki wa wadogo zangu wananiuliza vitu viwili, seti nilinunua wapi, na hivi jeshi kwa mtoto wa kike inawezekana au ni kujitesa tu. Mwanzo nilikua nayajibu kama maswali mawili tofauti. Sasa hivi naona ni moja, mana karibu kila nilichojifunza kuhusu jeshi nilijifunza kupitia vile vitu nilivyobeba kwenye begi, na zaidi kupitia vile ambavyo sikuvibeba.

Majina ya walioitwa yakitoka yanakuja na orodha ya vitu vya kwenda navyo. Bukta ya bluu iliyokoza, ya mpira kiunoni, haina zipu, inaishia magotini. Tisheti ya kijani. Raba za michezo kijani au bluu. Trakisuti ya kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Nguo za baridi kama umepangwa kwenye baridi, nyaraka zako, nauli, basi. Isome tena taratibu uone. Orodha ya kaka yako na ya kwako ni ileile. Yangu haikua na sidiria, haikua na pedi, haikua na chochote kinachojua kwamba anayeenda ana kifua na ana mwezi. Sisemi walikosea, wao wanaandika kitakachoonekana kwenye mstari, vingine unajiongeza. Tatizo langu ni kwamba sikujiongeza, nilienda dukani na karatasi mkononi kama mtoto aliyetumwa chumvi, nikanunua kilichoandikwa.

Muuzaji alikua mchangamfu hatari. "Dada karibu, umepangwa wapi, Ruvu? Mgambo? Bulombora? Mafinga? Kote tunavalisha." Seti ishafungwa kwenye nailoni, unachagua saizi tu, S, M, L, hamna kujaribisha. Nikamuuliza raba naweza kuvaa nione, akasema dada ukivaa umechafua soli. Hapo ndo ilitakiwa niondoke. Raba ambayo haitaki kuguswa na sakafu ya duka itaenda kufanya nini porini jamani? Lakini nyuma yangu kulikua na foleni, kina mama na watoto wao, kila mtu ana wasiwasi wa kuchelewa kuripoti, nikalipa.

Alietakiwa kwenda na mimi ni mama mkubwa. Yeye alipita JKT enzi za mwaka mzima, kabla haijasimamishwa 1994. Ilirudi 2013, kwahiyo katikati hapo kuna watu kibao waliomaliza fom siksi hawajui kambi inanukiaje, mama yangu mmoja wao, na ndo mana nyumbani kwetu kuna vyama viwili. Mama anasema jeshi litanikomaza sura na nitakosa mtu. Mama mkubwa anasema waliomkosa yeye ndo walipata hasara. Siku mama anampigia kelele "jeshi ni la wanaume" mama mkubwa aliuliza swali moja tu, "Amiri Jeshi Mkuu wako anaitwa nani?" Kimya. Mana tangu Machi 2021 ni Mama Samia, na Septemba mwaka huo huo akamweka Dkt. Stergomena Tax Waziri wa Ulinzi, mwanamke wa kwanza kukaa pale. Na jirani zetu Kenya 2024 walimpa Meja Jenerali Fatuma Ahmed jeshi lao zima la anga, mama aliyeingia kazini 1983. Mi hayo nayapenda sana kuyasikia, ila niseme ukweli, saa nane za usiku ukiwa lindoni na mwenzio mmoja na fisi anacheka mbali huko, hakuna rais wala meja jenerali anaekuja kukushikia tochi.

Turudi kwenye mzigo.

Tisheti ya kijani: nilifua mara ya kwanza nikaianika juu ya kamba moja na shuka, zimegusana. Shuka zangu za bluu bahari zikawa bahari yenye mwani. Baada ya mwezi tisheti yenyewe ikawa rangi ya chai ya mlonge, shingo imepanuka mpaka bega linatoka. Nyota mbili. Ukipata ile ya pamba nzito chukua, na chukua mbili hata kama orodha haisemi, mana jua la mchana linakausha lakini jasho la asubuhi halikusubiri.

Shuka zenyewe sina neno, nyota tano na madoa yake. Zimefuliwa, zimetandikwa, zimetandikuliwa, zimekunjwa kona kali kila asubuhi kwa miezi mitatu na hazijachanika hata uzi. Na hapa niseme kitu, mi nyumbani nilikua natandika kitanda siku za wageni. Leo nikiona shuka imejikunja naumwa. Mama ndo kitu pekee alichokubali kwamba jeshi limefanya kazi.

Bukta. Haya. Bukta ilikua nzuri wiki mbili za mwanzo, alafu mimi nikapungua na mpira nao ukakata tamaa, nikawa nakimbia mkono mmoja umeshika kiuno. Nilipitisha kamba ya kiatu ndani ya upindo ikakaa. Ila kinachowatisha wasichana wengi hua sio mpira, ni kuvaa bukta mbele ya kundi la wavulana. Nakumbuka siku ya kwanza tulivyotoka kwenye hanga, bweni letu, kila mtu anavuta bukta chini, mwingine kajifunika na taulo kama anaenda kuoga, aibu tupu. Siku ya tatu hakuna aliyekua na muda huo. Wavulana wenyewe wanaumwa miguu, wana njaa, wanawaza kulala, nani akuangalie goti lako. Ni kitu ambacho sikutegemea kwamba ningekipenda, yani sehemu ambayo mwili wangu unaulizwa tu unaweza au hauwezi, hauulizwi umenenepa wapi.

Sasa sidiria, na hapa wanaume mnaweza kuruka. Nilienda na sidiria tatu za kawaida zenye waya, za kwendea kanisani. Wiki ya kwanza waya mmoja ukatoboa kitambaa ukaanza kunichoma chini ya kwapa kila nikirusha mkono kwenye kwata, kushoto kulia, kushoto kulia, choma choma. Nikauchomoa wote. Bila waya zikawa mapambo tu, kifua kinauma kwa kurukaruka kuliko miguu. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa hanga letu kutoka Tanga, alichana kanga yake kwa urefu akanipa kipande, unajizungusha kifuani mara mbili unabana, juu unavaa sidiria. Kanga yenyewe ilikua imeandikwa subira yavuta heri, kipande changu kilibaki na "yavuta". Nilikimbia na "yavuta" mpaka siku ya kufunga mafunzo. Dada zangu, sidiria ya michezo nzito ile ya kubana, 12,000 mpaka 15,000 unapata, nunua tatu, kabla ya raba, kabla ya trakisuti, kabla ya kila kitu.

Pedi beba za miezi yote mitatu, usiseme nitanunua huko, kantini ipo lakini mahitaji ya wasichana wote wa kambi yakigongana na boksi moja la pedi utajua hujui. Na usiogope kama mwezi mmoja ukiruka. Wangu wa pili haukuja kabisa, nikakaa na wasiwasi wa bure usiku kucha, mwisho nikamwambia afande wa kike akacheka, akasema mwili unashangaa, unauliza umeupeleka wapi. Akanituma kwa daktari hata hivyo. Wa tatu ulikuja, tena siku ya shabaha.

Nywele: niliunguza 35,000 kusuka rasta wiki moja kabla ya kuripoti, kwa kiherehere tu. Kambini ni kipara, wote, na aliyeninyoa wala hakuuliza bei. Hiyo hela ingenunua raba ya maana.

Na raba ndo inarudi tena mana haijaisha. Baada ya ile asubuhi ya makofi nikaifunga kwa kamba, siku ya pili nikaelekezwa kwa sevisimani mmoja, kijana wa kujitolea pale kambini, anaeshona viatu muda wa mapumziko. Nilikuta rundo. Raba za kijani kibao, zote zimefungua mdomo vilevile, zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kuruta, weka hapo. Mwezi wa sita ndo mavuno yangu." Akaipiga uzi wa nailoni pembeni pote, 2,000, ikakaa mpaka mwisho. Huyo fundi nampa nyota tano na saluti.

Lakini uzi hauongezi unene wa soli. Ile soli ilikua nyembamba kiasi kwamba ukikanyaga kokoto unaweza kuisoma umbo lake. Mwezi wa kwanza wote ugoko ukawa unaniuma, nilidhani ni uchovu wa kila mtu. Mwenzangu wa kitanda cha juu, msichana mwepesi tu, anakimbia kuliko sisi wote, alikua na raba za aina hiyohiyo, akaumwa ugoko kimyakimya mana hataki kuitwa legelege, mpaka akashindwa kukanyaga. Hospitali wakamwambia mfupa una ufa mdogo, unatokea ukikimbia sana ghafla wakati mwili haujazoea. Nilivyorudi nikasoma nikakuta kwenye majeshi mengi duniani wasichana wanaoanza mafunzo wanapata huo ufa kuliko wavulana, na kwamba sio uzembe, ni mifupa kubebeshwa mzigo kwa haraka, na kula kidogo kunachangia. Kwahiyo anaeniuliza ajiandaeje namjibu hivi, anza kukimbia miezi mitatu kabla, kidogokidogo, kwenye udongo sio lami, na kula ugali wako ushibe, huu sio muda wa dayati. Na ukiumwa sema. Jeshini nilichoona anaesema mapema anapumzishwa siku mbili, anaejikaza anarudishwa nyumbani.

Trakisuti nyota nne, zipu ngumu lakini baridi haikupita. Soksi nyota tatu. Nguo za baridi, pale dukani walinipa sweta la kushangaza la pamba ambalo likilowa linakua zito kama mtoto, mi nilipangwa upande wa baridi, Juni yote tunatoa moshi mdomoni, kwahiyo lile sweta nyota moja. Chukua la sufi la mtumba, elfu tano tu, bora mara mia.

Kitu kimoja muuzaji alitaka kuniongezea nikakataa na namshukuru Mungu, alikua na kofia na begi vya mabaka mabaka, anasema "ukienda nacho wanakuheshimu." Wee. Agosti 2023 JWTZ walitangaza siku saba raia wote wenye nguo zinazofanana na sare za jeshi wazisalimishe, alafu mimi kuruta niingie getini nimevaa mabaka ya Kariakoo? Kombati utapewa huko huko, ukistahili.

Sasa nijibu lile swali la jeshi lenyewe. Kuna koplo mmoja wa kike alikua anatusimamia, mama wa watoto wawili, sauti yake ukiisikia unanyooka hata kama umelala. Siku za mwisho alikaa na sisi kwenye hanga kama dada, tukamuuliza, afande, mwanamke anaweza kweli hii kazi? Akasema hilo swali limeshajibiwa na wengine zamani, tusipoteze muda. Swali ni kama we mwenyewe unaweza kuambiwa cha kufanya leo, kesho na mpaka ustaafu, ukahamishwa mkoa wakati mtoto ndo kaanza darasa la kwanza, na ukasema ndio afande bila kununa. Tukanyamaza. Mi nilikua nimejiandaa kusikia habari za pushapu. Pushapu wiki ya tano unazizoea, kichurachura unazoea, doso lote, yani mazoezi ya adhabu, unazoea. Kuamriwa ndo nilikua bado najiuliza nikiwa nimelala pale na "yavuta" yangu kifuani, na mpaka leo kuna siku najibu ndio na kuna siku mama akinituma dukani mara mbili nakasirika nasema huyu mimi jeshi nitaliweza wapi.

Kilichonivuta ni vitu vidogo. Kuna siku tulilima mpaka jioni, fatiki, alafu wakati wa kurudi wale tuliokua tunagombania ndoo wiki ya kwanza tukawa tunabebeana majembe bila kuambiwa. Kuna wasichana waliogundua kambini kwamba wana mbio au wana mpira, na JKT wana timu, JKT Queens wale waliofika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake 2023, kwahiyo usidhani jeshi ni bunduki tu, kuna manesi, madereva, mafundi umeme, wanamuziki, na ukiwa na elimu yako kuna njia ya uofisa kupitia chuo cha kijeshi cha Monduli. Lakini mlango wa kuingilia JWTZ unapita kwenye cheti cha JKT, iwe mujibu wa sheria au kujitolea, kwahiyo wale mnaotafuta barua ya daktari ya uongo ili msiende, fikirieni mara mbili. Matangazo ya kuandikishwa niliyosoma pia yanataka ambae hajaolewa na umri una kikomo, kwahiyo huwezi kusema ngoja kwanza niolewe alafu nitaona.

Na hela! Msitoe hela. Nilivyorudi tu kuna mtu alipata namba yangu, anajiita afande, ana nafasi mbili, moja milioni na nusu, "kwa wewe dada nakupunguzia." Nafasi za kujitolea zinaombwa kupitia ofisi za wilaya na mkoa, bure, na jeshi wenyewe kila mwaka wanapiga kelele kuhusu matapeli. Nilimuuliza kombania yake ipi akakata simu.

Mwezi uliopita ndo nilienda Kariakoo na mama mkubwa kununua raba nyingine ya mazoezi. Hatukuenda duka lile. Mama mkubwa hakuuliza bei kwanza, aliichukua raba akaikunja, kidole kwa kisigino, akaangalia pale inapokunjikia kama soli inafungua. Akaingiza dole gumba ndani akabonyeza. Akainusa. Muuzaji anamwangalia tu. Nne za kwanza akazirudisha bila kusema kitu, ya tano soli imeshonwa sio kugundishwa tu, akanipa, "Vaa. Ruka." Nikaruka pale dukani mbele za watu mara kumi. Muuzaji akasema mama we ulikua afande nini, mama mkubwa akasema "bado." 32,000, hakupunguza hata mia.

Hiyo naikimbilia kila asubuhi kuanzia saa kumi na moja na nusu, wiki ya tano sasa, ugoko hauumi, uzi haujaachia. Nyota tano mpaka hapo. Ila soli ya kushoto imeanza kulika upande wa nje na nafasi za kujitolea zikitangazwa nataka niwe na jozi ya akiba, kwahiyo kama kuna anaejua duka lenye raba ya kijani ya kushonwa, namba 38, na wanaruhusu kujaribisha, naomba mtaa.